Sera iliyoanzia kwenye kaunta buku

Jumamosi moja ya Juni 2025, baridi ya Uyole imekaza hadi maji ya bomba yanauma meno, kijana alibisha hodi kwangu akiwa amelificha kaunta buku la kwaya mbili ndani ya koti. Akanipa shikamoo, akasogea kwenye jiko la mkaa, akaota moto mikono yote miwili kabla ya kusema neno. Kisha akalifungua daftari juu ya meza na kuligeuza nilisome. Safu ya kushoto ilikuwa na majina, yakiwamo Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Nyololo, Mafinga, Ifunda, Tanangozi. Aliyewahi kupanda basi la Mbeya kwenda Iringa anayajua, ni vituo vya njiani. Katika daftari lile kila kituo ni mtu.

“Mama, Chimala hajachukua dawa tangu Jumanne ya juzi,” akasema. “Simu hapokei. Nimekuja unishauri.”

Nataka kulizungumzia daftari lile, kwa sababu nimesikia mara nyingi mno, redioni na kwenye foleni ya daladala, kwamba haki za watu wanaopenda watu wa jinsia yao ni jambo lililoshushwa nchini kutoka Geneva na Washington. Nilikuwapo lilipoanza. Nililiona likianza kwa vijana wa Mwanjelwa, Soweto na Mafiati hapa Mbeya, na wa Kihesa na Ipogolo kule Iringa, wenye kalamu ya bei rahisi na daftari kama lile. Miongozo ya wizara ilikuja nyuma yao.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Ilula, mama wa watoto wanne, na bado naimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama usharikani. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31 katika vituo vya mikoa hii miwili. Miaka karibu 20 iliyopita aliingia chumba cha sindano kijana mwembamba, nadhifu, mwenye kidonda mahali alipoona haya kupataja. Nilipokiona nilitoka mlangoni nikawaita wenzangu wawili. Sikuwaita wanisaidie kutibu. Niliwaita waje washangae pamoja nami. Kijana akavaa suruali yake taratibu, akasema “asante dada”, akaenda. Kadi yake ilibaki kwenye benchi. Niliiweka kwenye droo miezi mingi nikidhani atarudi. Mwaka uliofuata nikasikia amezikwa kwao.

Hakuna mkubwa aliyenikemea siku ile. Hapakuwa na karatasi yoyote ukutani iliyosema nilikosea, wala somo lolote nililofundishwa ambalo nililikiuka. Hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa pale ambapo sera haijamwona mtu: muuguzi anaweza kumuua mgonjwa kwa uso tu, akarudi nyumbani akapika.

Wasiotoka huku wanahitaji kujua tunaishi na nini. Iringa ya zamani, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012, ilipimwa katika utafiti wa kitaifa wa 2007–08 na kukutwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 15.7, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Utafiti wa 2022–23 ulikuta asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima lilikuwa na 4.4. Kila ukoo huku una kaburi lake la ugonjwa huu. Kwa miaka mingi tuliwafuata madereva wa malori wa barabara ya Zambia, dada wa baa za Tunduma na Makambako, vibarua wa mashamba ya chai na wapasua mbao wa Mufindi. Wanaume wanaolala na wanaume hatukuwauliza. Katika fomu zetu hawakuwa na kisanduku.

Na wao wasingejitaja. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa wakoloni Waingereza, kilikazwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998: kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kuwa cha maisha. Mtu gani ataingia chumba cha daktari na kujihesabu mwenyewe mbele ya adhabu hiyo?

Kwa hiyo walihesabiana. Ningependa msomaji aelewe kazi hiyo ilivyofanyika, maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Mradi wa afya humtafuta kijana mmoja anayeaminiwa na wenzake, humfundisha wiki moja au mbili, humpa jina la mwelimishaji rika na posho ndogo ya nauli na vocha. Yeye huanza na marafiki watatu. Kila mmoja huleta wawili. Anajua kijiwe gani hukaa watu saa ngapi, gesti gani, saluni gani, baa gani ya nyuma. Anachora ramani kwa mkono. Anatembea usiku na boksi la kondomu, anamsindikiza mwoga kwenda kupima, anamkumbusha mwenye dawa tarehe yake, na kila Ijumaa anapeleka hesabu. Hesabu za mitaa hukusanywa zikawa za kata, za kata zikawa za wilaya, hadi zinafika mezani kwa watu wasioijua Mafiati hata kwa picha.

Mwaka 2014 wizara yetu ya afya, kupitia mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI, ilikubaliana na wataalamu juu ya makadirio: wanaume wanaofanya ngono na wanaume nchini ni takriban 49,700, na asilimia 25 kati yao wanaishi na VVU. Mwaka huohuo ukatoka mwongozo wa kwanza wa kitaifa wa huduma za VVU kwa yale yaliyoitwa makundi maalumu. Tazama mfuatano huo. Isingepatikana namba kama wenyewe wasingeitafuta, bajeti haipangwi pasipo namba, na mwongozo usio na bajeti ni karatasi ya kufungia vitumbua. Kabla ya hapo serikali ilikuwa inasema watu hawa hawapo, au ni wachache wa mijini. Waliothibitisha kwamba wapo, kwa gharama ya usalama wao, ni wenyewe.

Wengine hawakuishi kuyaona matokeo ya kazi hiyo. Maurice Mjomba, mtetezi aliyekuwa akifanya kazi hizi Dar es Salaam, aliuawa Julai 2012. Nalitaja jina lake kwa heshima.

Huku kwetu, kuanzia 2015, mradi wa Sauti uliosimamiwa na shirika la Jhpiego kwa fedha za Marekani ulileta upimaji wa jioni na wa mtaani katika mikoa yetu. Ndipo nilipopelekwa mafunzo ya siku moja. Nilidhani atakuja daktari bingwa. Alisimama kijana wa miaka kama 23, shati limenyooshwa vizuri, akatuomba wauguzi tuigize kumpokea mgonjwa. Nilipomaliza zamu yangu akaniuliza kwa upole: “Dada, mgonjwa akikuambia ukweli wake, uso wako unafanya nini?” Nilikaa chini nikalia mbele ya wenzangu. Nilimkumbuka aliyeacha kadi kwenye benchi. Katika miaka yote ya kazi sikuwahi kufundishwa jambo kubwa kuliko swali lile, na aliyenifundisha hakuwa na cheti chochote.

Kisha mlango ukafungwa. Julai 2016 vilainishi vilipigwa marufuku kwa maelezo kwamba vinahamasisha ushoga. Kilainishi cha maji hupunguza hatari ya kondomu kupasuka; akina mama waliokoma hedhi huhitaji kitu hichohicho. Februari 2017 waziri wa afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kusimamishwa kwa vituo 40 vilivyohudumia makundi haya, akisema wagonjwa waende katika vituo vya kawaida vya afya. Oktoba 2017 watu 13, wakiwamo wanasheria kutoka Afrika Kusini, walikamatwa Dar es Salaam katika kikao cha kujadili namna ya kwenda mahakamani kupinga kufungwa huko. Oktoba 2018 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akawataka wananchi wampelekee majina. Aprili 2019 mashirika sita yakafutiwa usajili, likiwamo CHESA, lililokuwa mstari wa mbele katika elimu ya afya.

Huo ndio upande unaojulikana. Nitawaambia upande tuliouona sisi.

Iringa palikuwa na kituo kimoja, chumba kidogo tu, viti vinne na benchi, ndoo ya maji ya kunawa, kabati la chuma. Kilipowekwa kufuli, kijana aliyekuwa akikisimamia alichukua madaftari akayapeleka kwa bibi yake, yakakaa ndani ya gunia chini ya mahindi. Kikundi kikageuka kuwa cha kuweka na kukopa. Wakawa wanakutana kila Jumapili alasiri, wanachanga, wanaandika hisa, na baada ya hapo wanapitia orodha ya nani amekunywa dawa na nani ameacha. Mwenye hofu ya kuonekana kliniki ya mtaani kwake alipelekwa ya wilaya nyingine, nauli ikitoka kwenye mfuko wa kikundi. Baada ya tangazo la Makonda, vijana wawili waliokimbia Dar es Salaam walifika Mbeya kwa basi la usiku, wana begi moja. Walilala kwangu siku nne. Mmoja wao alikuwa amezima simu yake na kuifunga kwenye soksi, kana kwamba inaweza kumsemea.

Yalifanyika mengine ambayo hayakuandikwa magazetini. Wapo waliokubali kusimulia yaliyowapata, bila majina, na masimulizi ya Watanzania kama hao yakaingia katika ripoti ya Human Rights Watch ya Februari 2020 kuhusu kunyimwa kwao huduma za afya. Wizara ya Mambo ya Nje, tarehe 4 Novemba 2018, ilitoa tamko kwamba kampeni ya Dar es Salaam ni mawazo binafsi ya mkuu wa mkoa, na kwamba nchi itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoridhia. Na mwongozo wa makundi maalumu haukufa: Aprili 2017, miezi miwili tu baada ya vituo kusimamishwa, ulitoka upya, makundi hayo yakiwa bado yametajwa ndani yake. Kwa mtu wa nje hilo ni neno moja kwenye karatasi. Kwa muuguzi wa zahanati ni mahali pa kusimama mwenzake anaposema “huyu tusimhudumie”. Mimi nimewahi kuutoa mwongozo huo kwenye droo na kuuweka mezani. Mgonjwa alihudumiwa.

Majirani zetu wamepitia njia hiyohiyo, nao wameanzia mlangoni. Februari 2010 umati ulikivamia kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Mtwapa, pwani ya nchi hiyo, kwa uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Kikundi cha Mombasa cha kutetea watu hawa, PEMA Kenya, kingeweza kuondoka mjini. Badala yake kikaanza kuwatafuta masheikh na wachungaji mmojammoja, kukaa nao, kula nao, kusikilizana. Kazi ya miaka, bila kamera. Kisha Februari 2015 wanaume wawili wakakamatwa Ukunda, Kwale, wakapelekwa hospitali wakapimwa kwa nguvu sehemu ya haja kubwa ili “ithibitike”. Walikwenda mahakamani wakashindwa mwaka 2016. Wakakata rufaa. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa ikasema kupimwa huko ni kinyume cha katiba. Watu wawili wa Ukunda, ambao wangeweza kunyamaza kwa aibu, wakabadilisha kanuni ya nchi nzima.

Hapa nasema kama muuguzi: kipimo hicho hakithibitishi chochote. Chama cha Madaktari cha Dunia kilikilaani Oktoba 2017, na chama cha madaktari cha Kenya kilikuwa kimetangulia mwezi mmoja. Mtumishi wa afya akiletewa mtu mwenye pingu na kuambiwa “mpime”, anageuzwa kuwa mikono ya mateso. Wenzangu walio kazini wanaweza kukataa, na nawaomba wakatae.

Kampala kuna kisa ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinamhusu mwenyekiti wa mtaa. Julai 2005 kiongozi wa ngazi hiyo alivamia nyumba ya mtetezi wa haki za watu hawa, Victor Mukasa, akachukua nyaraka, na mgeni aliyekuwapo, Yvonne Oyo, akapelekwa polisi akadhalilishwa. Desemba 2008 Mahakama Kuu ilisema haki zao, ya faragha na ya utu, zilivunjwa, na kwamba katiba inawalinda nao. Sitadanganya kwamba Uganda ilinyooka baada ya hapo. Sheria kali ya 2014 ilibatilishwa kwa sababu ya akidi ya bunge, na ya 2023 ni kali zaidi. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha karibu yote isimame. Lakini hukumu ile ya 2008 haijafutika, na ilitokana na nyumba moja iliyovamiwa Kireka, pembezoni mwa Kampala.

Sheria za juu hubadilika mwisho. Botswana, kabla mahakama haijafuta adhabu ya mapenzi ya jinsia moja Juni 2019 kwa kesi ya Letsweletse Motshidiemang, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kikundi cha kutetea watu hawa, LEGABIBO, kilipigania kwa miaka kitu kidogo tu: kuandikishwa. Kikakipata kwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2016. Kenya nayo, mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya adhabu, ila Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba kulinyima usajili shirika la kutetea watu hawa, la Eric Gitari na wenzake, ni ubaguzi. Cheti cha usajili, ofisi yenye kibao, haki ya kufungua akaunti benki. Watu hucheka wakidhani hayo ni mambo madogo. Aliyeficha madaftari chini ya mahindi hacheki.

Kuna wanaoniambia, wengine ni washarika wenzangu, kwamba haya ni fedha za wafadhili; fedha zikikatika, na “tabia” itakatika. Tumeshaujaribu mtihani huo. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake. Miradi ikasimama ndani ya siku chache tu, posho zikakoma, magari yakaegeshwa. Ulipotolewa msamaha wa muda kwa huduma za VVU, dawa kinga ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Siku zile nilidhani vikundi vyetu vimekwisha. Juni, miezi mitano bila posho hata ya shilingi moja, kijana wa Mwanjelwa yuko jikoni kwangu na daftari ambalo amelinunua mwenyewe, ana hofu juu ya mtu aitwaye Chimala. Mfadhili gani alimtuma?

Wanaosema ni kinyume cha dini nawaheshimu, nami napiga magoti kuomba kila asubuhi. Sijaona mahali nilipoagizwa kumnyima mgonjwa dawa. Na wanaosema ni kinyume cha utamaduni wa Kihehe au Kinyakyusa nawauliza tu: yule mjomba asiyeoa, aliyelea watoto wa dada zake na kila mtu akajua na kunyamaza, tulimpeleka polisi? Tulikula ugali wake. Neno lenyewe linatufunza: dada wa Tanga akimwita mwenzake “shoga” anamaanisha rafiki wa kufa na kuzikana, ilhali huku Nyanda za Juu neno hilohilo tumelifanya jiwe la kumtupia mtu. Wapo vijana wanaojiita kuchu, wapo wanaotaka kuitwa kwa majina yao basi.

Ninachokitaka kinaweza kuanza bila kusubiri Bunge, ingawa naamini siku itafika Bunge litakitazama upya kifungu cha 154, likitazama na ibara ya 12 ya Katiba yetu inayosema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kata zote zina kamati ya kudhibiti UKIMWI. Humo hukaa mtendaji, diwani, mchungaji, sheikh, mwalimu, mwakilishi wa vijana, mwakilishi wa wanaoishi na VVU. Wekeni kiti kwa mwelimishaji rika wa makundi maalumu, na mtu huyo alindwe kwa maandishi kwamba alichosema kwenye kamati hakitapelekwa polisi. Halmashauri, ambazo sasa zinatakiwa kuziba pengo la wafadhili, zitenge posho ya waelimishaji rika katika bajeti yao ya afya. Ni fedha ndogo ukilinganisha na gharama ya kutibu magonjwa nyemelezi ya walioacha ARV. Vilainishi virudi. Na mafunzo ya uuguzi yawe na siku moja ya kuulizwa swali nililoulizwa mimi.

Nirudi kwa Chimala. Tulimpata Jumapili baada ya ibada, Mbalizi, kwa binamu yake. Mwenye nyumba alikuwa amemtolea vitu nje baada ya kusikia maneno ya majirani, na dawa zake zilikuwa ndani ya godoro lililolowa. Alikuwa na aibu kurudi CTC, kliniki ya dawa za VVU, kusema amepoteza dawa. Tulikwenda wote watatu kwa mwenyekiti wa mtaa alikopanga, mzee wa makamo, mkulima wa viazi. Nilijiandaa kwa hotuba. Mzee alisikiliza, akauliza swali moja: “Kodi amelipa?” Amelipa hadi Agosti, tukamwambia, na risiti hii hapa. Akaitazama, akavaa koti. “Basi suala hapa ni kodi,” akasema, “na kodi imelipwa.” Alitembea nasi hadi pale, akazungumza na mwenye nyumba pembeni, na godoro likarudi ndani. Jumatatu asubuhi Chimala alikuwa kwenye benchi la CTC, nami nimekaa kando yake.

Nalisimulia hili kwa sababu uamuzi wa mzee yule ulikuwa sera. Hakuna aliyemwandikia. Juma lile wapangaji wengine wawili wa mtaa huo, niliowajua kwa majina ya vituo vya basi, walilala usingizi.

Mwezi uliofuata mtendaji wa kata aliniita kwenye kikao cha kamati, kama muuguzi mstaafu, nitoe hali ya wagonjwa wanaokatiza dawa. Nilimwomba kijana daftari lake kwa siku moja. Alisita, kisha akanikabidhi limefungwa kwenye kitenge. Zamu yangu ilipofika nikalifungua. Mtendaji akainama kusoma safu ya kushoto. “Hawa ndio nani, mama?” Nikamjibu kwamba siwezi kumwambia, ila naweza kumwambia wamekosa nini. Akanyamaza kidogo. Mchungaji aliyekuwa mkabala nami alikuwa akigeuza kalamu vidoleni, hakusema kitu. Kisha mtendaji akavuta kitabu cha muhtasari akaandika: watu 14, watatu wamekatiza dawa, nauli ya kwenda kliniki ni kikwazo, mmoja alitolewa kwenye nyumba aliyoilipia. Akaniuliza kama mwenye daftari anaweza kuja mwenyewe kikao kijacho.

Nikamwambia nitamuuliza.